Kuendelea Kufurahia Safari za Tanga Umri Unaposogea: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila msimu unapofunguka. "Nimefika sitini na nane, niuze mashua?" "Magoti yananiuma nikienda omo, kule mbele ya mashua, nifanyeje?" "Mke wangu hataki tena nitoke peke yangu, ana haki?" Nimeona niyaweke majibu pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu kuuza: usiuze bado. Wengi wanaoacha bahari hawafukuzwi na umri. Wanafukuzwa na mashua iliyopangwa kwa kijana wa miaka thelathini: jarari (kamba ya kutwekea tanga) inayovutwa ukiwa umesimama mlingotini, nanga inayoinuliwa kwa mgongo, tanga la mbele ambalo lazima likaondolewe kwa mikono huku omo inapiga mawimbi. Kazi hizo ukizipanga upya, unajipatia miaka. Mwaka 2022 Kenichi Horie wa Japani alivuka Pasifiki peke yake bila kutua popote, akiwa na miaka 83. Simtaji ili umuige. Namtaja kwa sababu ya mashua yake, iliyokuwa na urefu wa futi 19 tu. Tanga dogo, kamba nyepesi, kila kitu karibu na mkono. Hapo ndipo siri ilipo, na ndicho kitu utakachokifanyia kazi hapa chini.

Nachukulia kwamba unajua tayari kushika usukani na kutweka tanga. Kama unaanza kujifunza baada ya kustaafu, mwongozo huu bado unakufaa, ila tafuta kwanza mwalimu na mashua ya mtu mwingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jaketi la kujiokolea linalojijaza hewa, la nguvu ya Nyutoni 150, lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja. Bila mkanda huo jaketi hupanda usoni ukiwa majini.
- Mkanda wa usalama na kamba yake ya kujifungia kwenye mashua.
- Redio ya VHF (redio ya mawasiliano ya baharini) ya mkononi isiyoingia maji, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Ngazi ya kupandia kutoka majini. Ngazi ya kweli, yenye vidato. Kamba yenye mafundo haitoshi.
- Glavu zinazoacha ncha za vidole wazi, kofia pana, na miwani ya jua.
- Orodha ya dawa zako zote, hata zile unazonunua bila cheti.
- Daftari dogo na penseli. Utaona matumizi yake katika hatua ya tatu.
- Mtu mmoja mkweli. Awe mwenza, mtoto au baharia mwenzako ambaye yuko tayari kukuambia kwamba leo umeyumba, nawe uko tayari kumsikiliza bila kununa.

Hatua ya 1: Jipime ukiwa nchi kavu

Usisubiri bahari ikupime. Nyumbani fanya mambo manne. Kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara kumi mfululizo. Simama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi, kisha ubadilishe, ukiwa karibu na ukuta. Lala chali sakafuni, halafu inuka bila kushika samani. Beba ndoo ya lita kumi ya maji kwa mkono mmoja, tembea nayo hatua ishirini, rudi kwa mkono wa pili.

Jaribio la tano ndilo linalofumbua macho. Omba ruhusa kwenye bwawa la kuogelea, ingia ukiwa umevaa nguo zako za baharini, kisha jaribu kujivuta ukingoni bila ngazi. Wengi wanaojiona imara hushindwa hapo, na hapo maji yametulia, ni ya vuguvugu, na mlinzi yupo.

Lililokushinda ndilo la kufanyia mazoezi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kutosha kutoa jasho kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mazoezi ya misuli angalau siku mbili, na mazoezi ya uwiano na nguvu siku tatu. Kwa baharia, ningeweka mkazo kwenye uwiano na mapaja. Watu hukazana na mikono kwa sababu wanafikiria kamba, lakini miguu ndiyo inayokuzuia usianguke, na kwa mikono kuna kapi (gurudumu la kupitishia kamba) na winchi (ngoma ya kuvutia kamba).

Hatua ya 2: Kaa na daktari, muulize maswali ya baharini

Usimuulize tu "naruhusiwa?" Mpe orodha ya dawa, umweleze unachofanya: kuinama na kuinuka haraka, jua kali saa nyingi, saa kadhaa mbali na hospitali. Kisha uliza kuhusu haya:

Dawa za shinikizo la damu zinaweza kukupa kizunguzungu unaposimama ghafla, na kwenye mashua unasimama ghafla siku nzima. Dawa za kuzuia damu kuganda hugeuza pigo dogo kuwa jambo kubwa. Boriti ya tanga (mti unaoshika ukingo wa chini wa tanga kuu) ikikugonga kichwani nawe unatumia dawa hizo, unatafuta hospitali hata kama unajisikia mzima, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani polepole. Dawa nyingi za kichefuchefu cha bahari husinzisha. Kwa mtu wa umri mkubwa zinaweza pia kuvuruga fahamu, kuzuia mkojo kwa mwenye tezi dume iliyokua, na kumdhuru mwenye aina fulani ya ugonjwa wa presha ya macho. Dawa ya aina hiyo ijaribu kwanza nyumbani, siku ambayo huendeshi gari.

Halafu kuna maji ya kunywa. Kiu hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo usiifanye kipimo. Wengine hujinyima maji makusudi kwa kuogopa usumbufu wa choo, hasa wenye dawa za kukojoza. Matokeo yake ni kichwa kuuma, maamuzi ya ovyo na miguu kukaza misuli alasiri. Weka chupa karibu na usukani unywe kidogo kidogo. Na akina baba, hili nasema bila aibu: acheni kukojoa mkiwa mmesimama ukingoni mwa sitaha. Kaa chooni, au tumia ndoo.

Hatua ya 3: Toka na daftari

Chagua siku ya upepo wa wastani, toka kama kawaida na mtu wako mkweli. Kila unapoguna, kila unaposhika kiuno, kila unapotoka sehemu ya usukani kwenda kufanya kitu omo au mlingotini, andika. Andika pia kila mara uliposhika kitu ili usianguke, na ulishika nini.

Ukirudi utakuwa na ukurasa unaosomeka hivi: "Jarari ya tanga kuu, nusu ya mwisho, nzito mno. Nanga, mgongo. Kuvua kifuniko cha tanga, nimepanda juu ya kibanda. Ngazi ya chemba (chumba cha chini), nimeteleza kidato cha pili." Huo ndio mpango wako wa kazi. Utashangaa orodha ilivyo fupi. Mara nyingi ni kazi nne au tano ndizo zinazokuchosha, nyingine zote bado unaziweza.

Hatua ya 4: Punguza uzito wa kila kamba

Hapa usiwe na haraka, na usikimbilie dukani. Anza na msuguano, kwa sababu kuutoa ni karibu bure. Tweka tanga kuu ukiwa gatini siku isiyo na upepo, kisha achia jarari. Tanga linashuka lenyewe hadi chini? Kama linakwama njiani, basi kila unapolitweka unavuta uzito wa tanga pamoja na ule msuguano. Osha njia ya tanga mlingotini kwa maji yasiyo na chumvi na brashi, ondoa chumvi, paka kilainishi kikavu cha silikoni. Usipake grisi, inashika mchanga. Zungusha kila kapi kwa kidole. Isiyozunguka, fungua uisafishe au uibadilishe. Nimeona watu wakiagiza winchi ya umeme wakati kapi moja ya juu ilikuwa imeganda kwa chumvi miaka mingi.

Baada ya msuguano, ongeza kapi. Kapi moja iliyofungwa kwenye mzigo na kusogea nao hupunguza nguvu unayotumia hadi karibu nusu. Malipo yake ni kwamba unavuta kamba mara mbili ya urefu, na mtu mzima ana muda zaidi kuliko ana mgongo. Demani ya tanga kuu, yaani kamba ya kulikaza na kulilegeza, ndiyo ya kwanza kuongezewa.

Kisha tazama unene wa kamba. Kamba ya milimita 8 inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kabisa, lakini vidole vyenye baridi yabisi haviishiki. Ya milimita 10 au 12 inajaa kiganjani. Hakikisha tu inapita kwenye kapi na vibano vyako kabla hujanunua mita hamsini.

Winchi: kama mkono wake una urefu wa sentimita 20, nunua wa sentimita 25. Hapo hapo unapata nguvu ya ziada ya robo, bila fundi. Winchi inayojishikia kamba yenyewe ndiyo hatua inayofuata, kwa kuwa unabaki na mikono yote miwili ya kuzungushia.

Halafu tanga la mbele. Kama bado unalitoa na kulivua kwa mikono, weka kifaa cha kulikunja ambacho unakivuta kwa kamba ukiwa umekaa nyuma. Katika maboresho yote, hili ndilo ninaloliweka mbele kwa sababu linaondoa safari za omo. Baada yake ni winchi ya nanga ya umeme, kisha usukani unaojiendesha, ambao kwa anayesafiri peke yake ni sawa na kuajiri baharia. Winchi ya umeme kwa jarari na demani naiweka mwisho. Ni nzuri, lakini haijui inapovuta kidole, wala haijui tanga linapochanika. Ukiwa nayo, acha kubonyeza mara tu sauti ya mota inapobadilika, na weka mikono mbali na ngoma.

Onyo moja. Kuna wanaoleta kila kamba nyuma kwenye usukani kwa sababu wamesoma kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kila kona kamba inapopinda huongeza msuguano. Kwenye mashua ndogo yenye sitaha pana na vishikio vizuri, jarari ya tanga kuu inaweza kubaki mlingotini, ukaitweka kabla ya kutoka kwenye maji tulivu. Leta nyuma zile tu utakazohitaji wakati bahari imechafuka: za kupunguzia tanga, ya kukunjia tanga la mbele, na demani zote.

Hatua ya 5: Punguza tanga mapema kuliko ulivyozoea

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa hadi 28, nguvu inayosukuma tanga inakaribia mara mbili. Ukifika 40, ni mara nne. Ndiyo maana "umezidi kidogo tu" inakushinda mikono.

Ukitegemea upepo kuongezeka, toka gatini tanga likiwa limeshapunguzwa. Kulifungua baharini ni rahisi, kulifunga ndiko kazi. Siku nyingine toka na tanga la mbele peke yake. Mashua itakwenda polepole, hakuna anayekufukuza. Mashua ikilala sana upande, kila mtu anachoka kwa kujishikilia tu, na mara nyingi ukipunguza tanga inasimama wima na kasi haipungui.

Panga safari upepo uwe wa ubavuni. Kwenda bisho, yaani kuukabili upepo, saa nne mfululizo dhidi ya mawimbi ni jambo la kuwaachia wenye haraka. Na unapogeuza upepo ukiwa nyuma, boriti inavuka kwa kishindo, basi funga kamba ya kuizuia, au geuza kwa omo, mbele ya mashua ikiukata upepo, hata kama ni mzunguko mrefu. Kwa mwenye dawa za kuzuia damu kuganda, hilo la pili ningelifanya sheria.

Hatua ya 6: Gatini ndipo pa kuogopa

Watu wanaogopa dhoruba, wanateguka vifundo vya miguu gatini. Kuruka kutoka kwenye mashua ukiwa na kamba mkononi ni tabia ya kuacha leo, si mwakani.

Andaa kamba moja iliyofungwa katikati ya ubavu wa mashua. Ukifika, msaidizi anaipitisha kwenye nguzo ya gati akiwa bado ndani ya mashua, kwa mti wenye kulabu ikibidi. Kamba hiyo ikishika, injini ikisukuma mbele taratibu, mashua inajibana gatini yenyewe. Ndipo mtu anapiga hatua kushuka, mguu mmoja, mkono ukiwa umeshika. Pengo likiwa kubwa kuliko hatua ya kawaida, hakuna kushuka. Zunguka urudi tena. Hakuna aibu.

Usizuie mashua kwa mguu wala kwa kiganja. Chombo cha tani tano hakizuiliki na mfupa. Dafrau (mito ya kukinga ubavu wa mashua) ndiyo kazi yake, weka za kutosha na uzishushe kabla hujaingia bandarini.

Kwenye kimashua cha kukupeleka nanga ilipo: kanyaga katikati, kaa mara moja, usisimame tena. Kama injini yake inakuvunja mgongo kuinyanyua, itundike kwa kapi ndogo kwenye boriti, au ibaki mahali pake.

Hatua ya 7: Macho, masikio na ngazi

Miwani yenye nguvu mbili au zaidi hupotosha umbali ukitazama chini kupitia sehemu ya kusomea. Ngazi ya chemba ndipo inapokuangusha. Kuwa na miwani ya mbali tupu kwa kutembelea na ya kusomea ining'inie shingoni kwa kamba. Bandika mkanda mweupe wenye ukwaruzo ukingoni mwa kila kidato. Shuka ngazi ukiwa umeipa uso, kila mara, hata bandarini.

Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji ni mizuri, lakini baadhi ya skrini hugeuka nyeusi ukizitazama nayo. Jaribu kabla hujatoka.

Vishikio viwepo kila unapopita, usilazimike kuachia kimoja kabla ya kufikia kingine. Fuata daftari lako la hatua ya tatu: pale uliposhika kitu kisichofaa, weka kishikio.

Kama masikio yamepungua, acha kupigiana kelele kati ya omo na usukani. Kubalianeni ishara za mikono: mbele, nyuma, simama, kushoto, kulia. Ishara tano zinatosha kutia nanga, na zinapunguza ugomvi wa ndoa kuliko ushauri wowote niliowahi kuusikia.

Hatua ya 8: Fanyeni zoezi la mtu majini, mkibadilishana

Wenza wengi wana nahodha mmoja na abiria mmoja. Sasa nahodha ndiye aliyeanguka. Abiria anaweza kusimamisha mashua? Kutua tanga? Kuwasha injini bila kamba kunasa kwenye rafadha (panga la injini)? Kuita msaada kwenye VHF chaneli 16 na kutaja mahali mlipo? Kama jibu ni hapana, msitoke nje ya ghuba hadi ajue. Si suala la kumwogopesha mtu. Nusu siku ya mafunzo inatosha, na mwenye usukani siku hiyo awe yeye, wewe ukae kimya. Hapo kukaa kimya ndiyo sehemu ngumu.

Kisha kumtoa majini. Mtu aliyelowa na kuchoka hainuliki kwa mikono, hata na vijana wawili. Tayarisha kapi zinazopunguza uzito angalau mara nne, zifungwe kwenye jarari au boriti, zihifadhiwe kwenye mfuko mmoja unaojulikana. Jaribuni siku ya utulivu mkiwa mmefunga gatini.

Ngazi iwe na vidato viwili au vitatu chini ya uso wa maji, na aliye majini aweze kuishusha mwenyewe. Ingia majini ujaribu. Ngazi iliyokunjwa na kufungwa juu ya sitaha haimsaidii anayesafiri peke yake hata kidogo.

Kagua jaketi: chupa ya gesi imekazwa? Tarehe ya kiwashio haijapita? Na kama unatoka peke yako, beba kifaa cha ishara ya dharura cha masafa ya 406 MHz kilichosajiliwa kwa jina lako, ukivae mwilini. Kikibaki mezani chemba, hakina faida kwa aliye majini.

Hatua ya 9: Fupisha siku, usifupishe msimu

Saa nne baharini na kulala mapema ni safari kamili. Panga kufika kabla ya jua kuzama, kwa kuwa macho yaliyozeeka huchelewa kuzoea giza na taa za bandari huyatia kiwi. Usimwahidi mtu saa ya kufika, wala usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ileile unayotarajia kutia nanga. Mtu huwa anatoka kwenye upepo asioupenda kwa sababu ya tiketi. Weka siku ya mapumziko baada ya kila siku mbili za safari.

Hatua ya 10: Badilisha chombo ikibidi

Wengi wakistaafu hununua mashua kubwa, kwa sababu sasa wana muda na fedha. Kwa maoni yangu ni kinyume cha inavyotakiwa. Kila mita inayoongezeka inakuletea tanga zito, nanga nzito na gharama. Ukiwa unatoka kwenye kimashua chepesi kinachopinduka, nenda kwenye mashua yenye uzito chini, kwenye mkuku (uti wa chini ya mashua). Ukitaka utulivu, chombo chenye maganda mawili au matatu yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu hakilali sana upande, ila kumbuka kwamba kwa kuwa hakilali, mzigo wote unabaki kwenye kamba, hivyo kupunguza tanga mapema kunakuwa muhimu zaidi.

Anayependa mashindano aangalie daraja la 2.4mR: mashua ya mtu mmoja yenye urefu wa kama mita nne, unakaa chini ndani yake ukitazama mbele, kamba zote ziko mbele yako, na mkuku wake mzito unaizuia isipinduke. Ilitumika kwenye Michezo ya Paralimpiki kuanzia 2000 hadi 2016. Wazee, vijana na wenye ulemavu hushindana humo bila kupunguziana.

Njia nyingine ni kumiliki kwa ubia na familia changa. Wao wana mgongo, wewe una uzoefu na muda wa kupaka rangi siku za kazi.

Makosa yanayojirudia

Kuficha maumivu mbele ya wenzako hadi siku yanapokukamata mlingotini. Kununua vifaa vyote kwa mkupuo kabla ya kuandika lile daftari. Kutegemea umeme kwa kila kitu bila kujua kukunja tanga au kuinua nanga betri zikiisha. Kila kifaa cha umeme kiwe na njia ya mkono, na uwe umeijaribu. Kuvaa jaketi "hali ikichafuka", wakati wanaoanguka huanguka pia kwenye maji tulivu. Kukaa msimu mzima bila kutoka, halafu kuanza na safari ndefu.

Ukikwama

*Mikono inauma siku ya pili baada ya safari.* Tazama kwanza unene wa kamba na msuguano, kisha namna unavyoshika. Vuta kwa kurudisha mwili mzima nyuma, mikono ikiwa imenyooka, usivute kwa kukunja kiwiko. Uvimbe usioisha ni wa daktari.

*Naanza kuugua bahari, zamani sikuugua.* Shika usukani, tazama upeo, kaa nje. Kama imeanza ghafla na kizunguzungu kinaendelea nchi kavu, kapime masikio na dawa zako.

*Nimefanyiwa upasuaji, nitarudi lini?* Daktari wako atasema. Muargentina Santiago Lange aliondolewa sehemu ya pafu kwa ajili ya saratani mwaka 2015, na mwaka 2016 akashinda dhahabu ya Olimpiki kule Rio akiwa na miaka 54. Hicho si kipimo chako. Anza kwa kukaa tu kwenye mashua iliyofungwa, kisha safari ya saa moja na watu wengine wa kazi.

*Watoto wanataka niache.* Usibishane nao mezani. Wapeleke, waonyeshe kifaa cha ishara, ngazi, zoezi la mtu majini. Muulize kila mmoja anaogopa nini hasa. Mara nyingi ni jambo moja, kama kutoka peke yako, na hilo mnaweza kukubaliana.

*Nitajuaje kwamba muda wa kutoka peke yangu umekwisha?* Rudi kwenye daftari. Ukiona matukio ya kuponea chupuchupu yanajirudia msimu huohuo, umesahau hatua ambazo zamani ulizifanya bila kufikiri, au umepotea mahali unapopajua, basi kuanzia hapo toka na mtu. Mtu wako mkweli akisema kabla wewe hujaona, mwamini yeye.

*Siwezi tena kupanda mashua yoyote kwa usalama.* Waandaaji wa mashindano huhitaji watu wa kusoma upepo, kupanga maboya na kupiga honi ya kuanzia, na wengi wao hufanya kazi hiyo kutoka kwenye chombo kikubwa kilichotia nanga au kutoka ufukweni. Waandikie kabla ya msimu, maana nafasi za ufukweni hujaa mapema.